Jibu la Kasanzi

Jumatatu, 2 Septemba

Leo nimearifiwa kwamba kazi yangu wamepewa watu wengine, na aliyeniarifu aliniomba papo hapo niwatafutie viti.

Mimi ndiye afisa mipango wa Katsungiro, mji mdogo kwenye barabara ya Kasese kwenda Bwera. Kazi yangu ni kupanga barabara zipite wapi, soko likae wapi, nyumba ziishie wapi. Miaka mitatu nimeomba mabuti, pikipiki na kompyuta inayowaka. Leo madamu Sylivia, karani wa mji na bosi wangu, ameniita akasema ramani mpya ya mji itachorwa na kampuni ya washauri kutoka Kampala. "Phionah, usinune," akaniambia. "Hao wako na mashine. Sisi tuko na wewe peke yako." Alisema kweli, na ndiyo maana nilinuna zaidi.

Naandika kwa Kiswahili nilichofundishwa na masista kule Bukoba. Ofisini kila mtu anakizungumza na hakuna anayejisumbua kukisoma, kwa hiyo humu nitasema nipendavyo.

Jumatano, 4 Septemba

Mvua ya kwanza. Viti vimepatikana.

Alhamisi, 5 Septemba

Kumbe washauri wenyewe ni mtu mmoja. Nilitazamia gari lililojaa wataalamu wenye miwani, akashuka kijana mrefu anayeitwa Okot, na sanduku lenye kidege cha kupigia picha kutoka juu. Baba yake alikuwa sajenti, mtu wa kaskazini. Okot amezaliwa kambini Mubende na kukulia kambi za Jinja na Masindi. Kampuni imemleta kwetu kwa sababu anajua Kiswahili, maana huko Kampala mtu amewaambia kwamba watu wa mpakani wote ni Waswahili. Kiswahili chake ni cha kambini. Anasalimu watu kama anayekagua gwaride.

"Wewe ndiyo Phionah? Muzuri. Kesho saa moja kamili tunatoka. Hakuna kuchelewa."

Nikamwambia saa moja huwa nakamua ng'ombe. Sina ng'ombe.

Jumanne, 10 Septemba

Leo tumekwenda Kasanzi. Ni kitongoji kilicho tambarare nyuma ya barabara kuu, chenye nyumba za udongo na migomba, na kampuni imekichagua kiwe maegesho ya malori. Shida yenyewe siikatai. Malori yanayongoja kuvuka mpaka wa Mpondwe hulala barabarani, na asubuhi watoto wetu hupenya katikati ya magurudumu kwenda shule. Lakini malori yakiingia Kasanzi, watu wa Kasanzi watatoka. Sheria inataka waulizwe kwanza. Kuuliza ndiyo kazi ya Okot, na kazi yangu ni kutembea nyuma yake.

Tulianza kwa mama Tabisa. Ni mjane aliyezaliwa upande wa Kongo akaolewa huku, na mumewe amezikwa nyuma ya jiko. Okot alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama, hapa mji nataka kuweka parking ya malori. Nyinyi nahama, nalipwa. Kitu utajenga baada ya leo, hakuna kulipwa. Umesikia?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa umekubali ama umekataa? Jibu."

"Ndiyo, afande."

"Mimi si afande, mama. Mimi ni mutu wa mipango."

"Ndiyo, afande."

Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba. Hata Bwambale, mwenyekiti wa kitongoji, mtu anayejua kubishana na mhubiri katikati ya mahubiri, alivua kofia akasema wao wako pamoja na serikali. Okot alifurahi. Alisema hajawahi kufanya kazi na watu waelewa namna hii.

Mimi nilijua kilichokuwa kinatokea. Kwetu huku, mtu akisimama mlangoni akakuuliza jambo kwa Kiswahili cha aina ile, cha wanajeshi, hulifikirii swali. Unafikiria watoto wako wapi. Lakini nilinyamaza, tena kwa raha. Mwenye macho haambiwi tazama. Acha wenye mashine waone wenyewe.

Alhamisi, 12 Septemba

Okot amemaliza Kasanzi. Ameandika kwamba watu wote wamekubali. Amenikaribisha soda kusherehekea, nikanywa.

Jumanne, 17 Septemba

Ramani imetundikwa ukumbini ili watu waitazame na kupinga kama wanataka. Hakuna aliyepinga barabara wala soko. Mzee mmoja tu amekasirika kwamba nyumba yake imepakwa njano, na yeye hajawahi kukipigia kura chama cha njano na hataanza sasa. Okot alimweleza kwamba njano maana yake ni makazi tu. Mzee akasema kama ni makazi tu, basi wapake bluu. Tulicheka hadi madamu Sylivia akatoka kuona kuna nini. Ni mara ya kwanza nimecheka na Okot, na nimejilaumu njia nzima nikirudi nyumbani.

Ijumaa, 20 Septemba

Mvua mchana kutwa. Nikipita Kasanzi nilimwona mama Tabisa akikanda udongo kwa miguu.

Jumanne, 1 Oktoba

Leo nimemwambia. Sikumwambia kwa wema. Alikuwa akijisifu mbele ya madiwani kwamba Kiswahili chake kimefungua milango ya Kasanzi, na mimi nikashindwa kuvumilia. Tulipobaki wawili nikamwambia, "Okot, hawakukukubalia. Walikuogopa. Ukifungua kinywa, wanaona bunduki."

Hakukasirika, na ndicho kilichoniumiza. Alisema polepole, "Phionah, hii ndiyo lugha mama yangu alinibembeleza nayo. Kiacholi alikuwa naongea na dada zake tu. Sisi watoto, kambi mzima, ilikuwa hii hii. Sasa mimi naongea nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilimwambia nitakwenda mwenyewe Kasanzi, niulize upya kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu, bila yeye. Akasema, "Nenda. Nitashukuru." Nimelala na neno hilo kichwani kama kokoto kwenye kiatu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nilikwenda Kasanzi nikiwa nimevaa kitenge na kandambili, bila karatasi wala kalamu. Nilijiambia leo ndipo itakapoonekana tofauti ya mtoto wa nyumbani na mtu wa kukodiwa.

Mama Tabisa alinipokea vizuri mno. Kuta za nyumba yake zilikuwa zimekandikwa upya upande wa mbele, na mvua ilikuwa imeziramba tayari. Tuliongea Lhukonzo. Nikamuuliza habari ya mguu wake na ya binti yake aliyeolewa Bwesumbu. Kisha nikauliza kwa upole wote niliojaliwa: mama, malori yaje hapa au yasije? Sema ulilo nalo moyoni.

Akanitazama kuanzia kandambili hadi kichwani. "Ndiyo, madamu," akasema. "Mukipanga, mumepanga."

Nikaenda kwa Bwambale. "Ndiyo, madamu." Nikaenda nyumba ya tatu na ya nne. Ndiyo, madamu, ndiyo, madamu, na ya nne walinipa na ndizi za kubeba. Nilirudi na mkungu kichwani na aibu moyoni. Nimezaliwa kilomita chache kutoka hapa. Shangazi yangu anauza samaki wa Kasenyi katika soko lao. Lakini siku ile mimi nilisimama nyuma ya Okot na kalamu, na wao hawakusahau nilikosimama.

Nilimweleza Okot nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alimenya ndizi mbili, akanipa moja.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Hotuba, mvua, hema limeanguka. Bwambale hakuonekana jukwaani. Wanasema anachimba choo kipya. Madamu Sylivia amesema watu wa Kasanzi ni wajanja, wanajengajenga ili waongezewe fidia. Nikaitikia. Ilionekana kuwa kweli.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua kubwa usiku, ukuta wote wa mbele wa mama Tabisa umemwagika. Asubuhi alikuwa anakanda tena. Nani hukandika nyumba katikati ya mvua? Hata udongo wenyewe hautaki.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua.

Jumanne, 29 Oktoba

Okot ana malaria. Nimempelekea uji kwenye gesti yake na kukuta amelala na makoti mawili juu, kompyuta kifuani, bado anachora. Nikamwambia kampuni yake imtume mwingine. Akatabasamu. Kumbe hata yeye si mtu wao. Wamemchukua kwa kazi hii tu, na ikiisha vizuri wameahidi kumpa nyingine. Kampuni iliyoletwa kufanya kazi yangu nayo imetafuta mtu wa kuifanya. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Nilipoondoka aliniambia nichukue mabuti yaliyo mlangoni, jozi ya ziada. Yananibana kidogo. Nimeyavaa.

Ijumaa, 8 Novemba

Mkutano wa mwisho wa wananchi, katika ukumbi wa kanisa. Watu wote wa Kasanzi walifika, wamevaa vizuri. Okot, bado mwembamba wa homa, alisema maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi kwangu siku tatu, polepole, bila amri hata moja. "Wazee wangu, mama zangu, leo sijakuja kusikia ndiyo. Nimekuja kusikia kila kitu."

Mtoto akalia, akatolewa nje. Mwishowe Bwambale akasimama, akashukuru kwa niaba ya wote, akaomba mkutano ufungwe kwa sala.

Madamu Sylivia aliandika: hakuna pingamizi. Kisha akanivuta kando. Ripoti lazima iwe na sahihi mbili, ya mshauri na ya afisa mipango, kuthibitisha kwamba watu wameulizwa na wameridhia. Kamati inakaa tarehe ishirini na mbili. Tusipopitisha ramani mwaka huu, pesa za barabara zitapewa mji mwingine. "Mimi sipendi kuhamisha watu, Phionah," alisema, na naamini. "Lakini umewauliza mara ngapi? Mutu akisema ndiyo mara tatu, wewe unataka akuambie nini?"

Jumanne, 12 Novemba

Nitaandika mpaka mkono uchoke.

Niliamka nikiwa nimeamua kutia sahihi. Nilijiambia nimefanya yote. Okot akasema kabla hatujatia, tupite Kasanzi tena, tusiulize kitu chochote, tuage tu kama watu. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kukata tamaa. Tulifika kwa mama Tabisa tumelowa chapachapa, na tukamkuta nje katika mvua hiyo, khanga imefungwa kiunoni, anabandika udongo ukutani kwa viganja. Kila akibandika, mvua inabandua. Na yeye anabandika.

Okot alishindwa kuvumilia. "Mama, wacha. Ngoja mvua iishe."

"Ndiyo, afande," akasema, na akaendelea.

Basi Okot akaweka chini begi lake, akakunja suruali, akaingia kwenye shimo la udongo, akaanza kukanda. Hakuuliza. Nami nilisimama kidogo, kisha nikavua mabuti. Sijakanda udongo tangu nikiwa msichana. Tulikanda, mama Tabisa akabandika, tukapandisha mabati mawili ya jirani kuukinga ukuta.

Mvua ilipopungua tulikaa chini ya mabati. Nikamuuliza, si kama afisa, niliuliza kwa sababu nilikuwa nimechoka na sielewi. "Mama, hivi vyote vya nini? Kama ni fidia, kilichojengwa sasa hakilipwi."

"Ninajua," akasema. Safari hii alisema Kiswahili, chake cha kule kwao, ili Okot naye asikie. "Huyu alinisimamia mulangoni, akasema kitu nitajenga hakuna kulipwa. Nilisikia. Bote tulisikia."

"Sasa unajengea nini?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyechelewa kutembea.

"Mutu mwenye anahama anakandika nyumba? Bwambale anachimba choo, ni choo ya lori? Na ule wa pale chini amepanda kahawa, itazaa nyuma ya miaka tatu. Batu ya serikali mukiuliza kwa mudomo, tunajibu kwa mudomo, mupite salama. Mukienda, tunawajibu. Mimi nilikujibu tangu mwezi wa tisa, mutoto yangu. Kila siku unapita hapa, unaniona niko mu udongo. Hukuangalia."

Okot aliinamisha kichwa. Mimi nililia, na sikujificha. Nilikuwa nimepita pale karibu kila siku kwa miezi miwili. Nilikuwa nimeona udongo, choo na miche, na kuviita ujanja. Yule asiyejua mila zetu angalau alikuwa na udhuru.

"Wewe unalia nini?" akasema mama Tabisa. "Ukuta umekamata sasa."

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua imekatika asubuhi, na Okot amerusha kidege chake juu ya Kasanzi. Tumeweka picha ya leo kando ya ile ya Septemba. Sikujua vilikuwa vingi hivyo: kuta mpya, vyoo vipya, miche ya kahawa imepangwa kwa mistari, hata kanisa dogo limeongezewa chumba. Kitongoji kizima kimekuwa kikisema hapana kwa sauti kubwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Okot ameandika ukurasa wa mwisho upya. Amesema kampuni haitapenda. Nikamwambia si lazima. Akasema, "Phionah, mimi niliandika wamekubali. Ni mukono yangu iliandika. Nani mwingine atafuta?"

Ijumaa, 15 Novemba

Mkurugenzi wa kampuni amepiga simu kutoka Kampala. Okot alitoka nje kuzungumza. Nilimwona kupitia dirishani amesimama wima kama askari, anasikiliza, halafu nikamwona anatikisa kichwa. Aliporudi alisema tu, "Tuendelee."

Nilimpelekea madamu Sylivia ripoti yenye sahihi mbili, inayosema watu wa Kasanzi wamekataa. Aliisoma yote. Alizitazama picha mbili kwa muda mrefu. "Mama yangu alifanya hivi," akasema mwishowe. "Walipotaka kupitisha bomba kwetu. Alipanda miembe." Kisha akarudi kuwa karani wa mji, akaniuliza malori basi nitayapeleka wapi, na nisimjibu kwa miembe.

Ijumaa, 22 Novemba

Kamati. Saa nne nzima, chai mara mbili. Diwani mmoja akasema ni ujanja wa fidia. Okot akajibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia hawatalipwa, nyumba hadi nyumba, na afisa mipango alikuwepo. Nikasema nilikuwepo.

Mimi nilipendekeza kiwanja kimoja cha baraza la mji upande wa Kinyamaseke, penye ghala bovu la pamba. Hakuna nyumba pale. Kuna ng'ombe, na ng'ombe wenyewe ni wa madiwani, ndiyo sababu hakuna aliyewahi kukiona kwenye ramani. Watu walikohoa. Madamu Sylivia, Mungu ambariki, akauliza kwa sauti tulivu ng'ombe hao ni wa nani, ili tuwaandikie barua ya kuwahamisha. Hakuna aliyewadai. Ng'ombe yatima wote.

Malori yatakwenda kwenye ghala la pamba. Kasanzi inabaki njano.

Jumatatu, 25 Novemba

Kampuni imemrudisha Okot Kampala. Ile kazi nyingine waliyomwahidi wamempa mtu mwingine. Alinieleza huku akifunga sanduku la kidege, kwa utulivu, kama anayesema habari za hali ya hewa. Nilimshikia kifuniko mpaka kikafunga.

Jumanne, 26 Novemba

Gari lilikuja kumchukua asubuhi. Aliomba lipite Kasanzi aage. Mwenyekiti Bwambale alitoka shambani na mikono ya udongo, akampa kifundo cha mkono ashike badala ya kiganja, akamwambia kampeni zikianza arudi amfundishe kile Kiswahili cha kambini, azungumze nacho na wanasiasa.

Kwa mama Tabisa ukuta umekauka. Ameupaka chokaa nyeupe kuzunguka mlango. Ndani tulisikia harufu ya sombe, kisamvu cha kwao Kongo, na bundu, ugali wa muhogo, ilikuwa imefunikwa kwenye sahani tayari. Okot alisimama pale mlangoni, mikono nyuma, maana bado hajajua kuiweka kwingine.

"Mama, nimekuja kuaga tu," akasema. "Dereva nangoja. Niruhusu niende."

Mama Tabisa alifuta mikono kwenye khanga. Alimtazama usoni, moja kwa moja, kama ambavyo sijapata kumwona akimtazama mtu yeyote wa ofisi.

"Hapana, Okot," akasema.

Okot akavua viatu, akaingia, akaketi.